Abiria Waliokwisha Kufika

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Anayeishi humo analijua, na asiyeishi humo ana nchi yake ya kumtosha. Inatosha kusema kwamba ina uwanja mpya wa ndege, wenye vioo vingi na maua ya plastiki yanayomwagiliwa maji kila asubuhi, na kwamba mimi, Salehe Mpembenue, nilibahatika kusafiri kupitia humo siku ya harusi ya mjukuu wangu.

Nianze na harusi. Tunu, mtoto wa marehemu mwanangu, alikuwa anaolewa na kijana wa mji wa Ukingoni aitwaye Hamdani, fundi wa majokofu, mtu mpole na mwenye mikono safi. Kwa desturi ya Ukingoni, bibi harusi havuki kizingiti mpaka mkubwa wa upande wa baba yake amshike mkono na kumtoa nje. Akitolewa na mtu mwingine, haihesabiki. Jua likizama hajatolewa, waoaji hukunja mikeka yao wakaenda zao, na kuanzia hapo watu husema msichana huyo alikataliwa na ukoo wake mwenyewe. Katika upande wa baba yake Tunu nimebaki mimi tu.

Waoaji nao waliongozwa na ami yake Hamdani, Mzee Ngwali. Huyu tangu mwanzo alimtaka binti mwingine, ambaye baba yake ana jengo la ghorofa. Alikuwa anatafuta sababu tu.

Dada yangu Siwema, aliyemlea Tunu huko Ukingoni, alinipigia simu alfajiri.

"Kaka, usichelewe. Ngwali ameshaanza kulitazama jua, na bado halijatoka."

"Siwema," nikamwambia, "naja kwa ndege. Ndege za nchi hii hazichelewi. Ni sheria."

Na kweli ni sheria. Siku ya kuufungua uwanja, Baba Mlezi wa Taifa alikata utepe, akatazama angani, akasema, "Katika uwanja huu hakuna ndege itakayochelewa." Labda alikuwa anawatia moyo mafundi. Lakini neno la Baba Mlezi huwa sheria kabla hajafunga mdomo, na tangu siku hiyo hakuna ndege iliyothubutu.

*

Kwenye ukaguzi walinivua kofia, mkanda na viatu. Wakanirudishia kofia, mkanda, na viatu vya mtu mwenye miguu midogo kuliko yangu. Sikulalamika. Mtu aliyepata cheti cha Uraia Mwema katika shule ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kusukuma toroli sokoni, halalamiki kwa sababu ya vidole vya miguu.

Nilikaa katika Jumba la Kuondokea, mgongo wima. Saa ya safari yetu ilipotimu, kengele ililia na sauti tamu ya mwanamke ikasema, "Abiria wa Ukingoni, mmeondoka. Tunawatakia safari njema."

Nikatazama nje. Hapakuwa na ndege. Palikuwa na ng'ombe wachache kwenye njia ya kurukia, na mtu mwenye bendera akiwafukuza bila haraka.

Nikamwendea afisa aliyesimama mlangoni, binti mmoja mwenye tai na kofia ya pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndege iko wapi?"

"Imeondoka."

"Sikuiona ikija."

"Kuja ni idara nyingine, mzee."

"Na mimi je?"

"Na wewe umeondoka." Akanionyesha ubao wa taa. Kweli, palikuwa na jina la mji wa Ukingoni na neno WAMEONDOKA, kwa rangi ya kijani. "Sasa uko angani."

Nikajipapasa. "Mbona nimesimama hapa?"

Akasogea karibu na kushusha sauti. "Ndiyo maana nakuomba utoke, baba yangu. Abiria aliyekwisha kuondoka akionekana humu ndani, anayeulizwa ni mimi. Nina watoto."

"Niambie basi kwa kunong'ona. Ndege yenyewe iko wapi?"

"Imekwenda kumchukua daktari wa meno wa Mama Mlezi."

Nikatulia. Jino likiuma, linauma, na Mama Mlezi ni mama wa sisi sote. Nikauliza tu habari za sanduku langu, maana ndani mlikuwa na kanzu yangu ya shughuli na kitenge cha kumfunika Tunu.

"Sanduku halikutajwa katika hotuba," akasema yule binti. "Lenyewe linaruhusiwa kuchelewa."

*

Tulipitishwa kwenye kijilango cha wafagizi, abiria wote, tukatokea upande wa pili wa ukuta uleule. Hapo ni Jumba la Kuwasili. Juu palitundikwa bango KARIBUNI UKINGONI. Kikundi cha ngoma kikaanza kucheza mara tu kilipotuona, na tukavishwa mashada ya plastiki shingoni. Nchi yetu ni ya watu wakarimu: msafiri akifika lazima apokewe kwa ngoma, na haikuonekana sababu ya kuivunja mila hiyo nzuri kwa jambo dogo kama kutosafiri.

Mtangazaji wa redio ya taifa alikuwa akitupitia na kipaza sauti. Aliponiona alisimama.

"Mzee wangu, unaonekana ni mtu msomi. Waambie wasikilizaji, safari ilikuwaje?"

Msomaji anielewe. Nilisomea Ufasaha wa Kusema kwa miaka mingi, chini ya taa ya chemli, na katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniwekea kipaza sauti mbele ya mdomo. Nikakohoa kidogo.

"Ndugu wananchi," nikasema, "nimewasili Ukingoni salama u salimini, kwa wakati, na bila mtikisiko wowote. Tunashuhudia enzi ambayo umbali umeshindwa."

Hilo la mtikisiko lilikuwa kweli tupu. Ngoma ikalia tena, na nikajisikia mrefu.

Kisha wakatuambia kwamba sasa tutachukuliwa na basi, tuingizwe mjini. Kutoka hapo hadi mjini Ukingoni ni safari ya kutwa kasoro kidogo, kwa Barabara ya Mandhari inayopita ufukweni.

*

Jirani yangu ndani ya basi alikuwa mama mmoja muuza dagaa, Bi Mize, aliyesafiri na ndoo yake ya plastiki mapajani. Ndoo hiyo ilitoa harufu ya kazi yake.

"Umehutubia vizuri, mzee," akaniambia. "Umbali umeshindwa. Sasa mbona tumekaa kwenye basi?"

"Tunaingizwa mjini."

"Mji gani huo wa kuingia na chakula cha njiani?" Akafungua ndoo, akanipa dagaa wa kukaanga. "Kula. Mtu aliyetua sasa hivi huwa na njaa."

Nikawa natafuta jibu linalolingana na elimu yangu, simu ikalia. Siwema.

"Kaka, uko wapi?"

"Niko kwenye basi, dada."

"Basi la nini? Tumekusikia redioni umefika. Ni wewe, hata kile kikohozi cha kabla ya 'ndugu wananchi' ni chako. Ngwali alipandisha sauti ya redio mpaka majirani wakatoka nje. Anasema, mkwe kafika tangu asubuhi, na kama hajaonyesha uso, basi ametudharau, na yeye hawezi kuoa kwa watu wenye dharau."

"Mwambie ndege haikuja."

"Nimwambie mimi? Mkuu wa Tarafa amekaa hapa kama mgeni rasmi, kiti chake na cha Ngwali vimegusana. Umemsahau yule kinyozi wetu? Redio ilisema mvua imenyesha, yeye akasema kwake haijanyesha. Mpaka leo tunanyolewa na mke wake." "Tunu ameshavaa, kaka. Amekaa nyuma ya mlango. Hali, hanywi."

Nikarudisha simu mfukoni. Dagaa walikuwa wazuri, lakini niliwarudisha kwenye ndoo.

"Mjukuu?" akauliza Bi Mize, ambaye sauti ya Siwema ilikuwa imemfikia.

"Mjukuu."

"Na ile sauti yako ndiyo inayomponza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei.

*

Barabara ya Mandhari ni fahari ya nchi yetu, na katika vitabu vya wageni picha yake iko ukurasa wa mbele. Upande mmoja kuna vilima, na upande mwingine kuna bahari. Kwa kuwa bahari ni nzuri, viongozi waliona ni busara wajenge nyumba zao ufukweni ili kuilinda kwa karibu. Kwa kuwa nyumba za viongozi zinahitaji usalama, ulijengwa ukuta mrefu kutoka mwanzo wa pwani hadi mwisho. Na kwa kuwa mwananchi ana haki ya kuona bahari yake, serikali iliajiri wachoraji wakaichora bahari yote kwenye ukuta, kwa mpangilio uleule ilivyo nyuma yake, pamoja na ndege wa baharini na meli moja ya kivita ambayo hatujainunua bado.

Msafiri haruhusiwi kuipita tu. Kuna vituo vya kushangaa. Basi husimama, abiria hushuka, na Afisa Mandhari huhakikisha kila mtu ameshangaa kwa kiwango kinachokubalika.

Kituo cha kwanza tulishangaa vizuri. Cha pili vilevile. Cha tatu, Bi Mize aliweka pua yake ukutani.

"Bahari gani hii haina harufu?"

"Harufu iko kwenye awamu ya pili ya mradi, mama," akajibu afisa wa pale.

Wakati huo geti moja la nyumba likafunguliwa ili gari jeusi litoke, na kwa kitambo cha kupepesa macho tukaiona yenyewe, ya kijani na nyeupe, ikitembea. Abiria wote waligeuka. Afisa akatukinga kwa mikono yake miwili. "Tafadhali, ndugu zangu, hiyo si rasmi. Tazameni huku."

Simu ya Siwema ilikuja tena, na nikaipokea nikiwa nakabili mawimbi ya chokaa.

"Kaka, Ngwali amewaambia vijana waanze kukunja mikeka ya pembeni. Hamdani anamsihi, hasikii."

"Na jua?"

"Limeanza kuinama. Wewe njoo tu. Ukichelewa mtoto huyu haolewi tena hapa, na lawama ni ya ukoo wetu, si ya Baba Mlezi."

*

Balaa lilikuwa kwenye kituo cha mwisho. Hapo mchoraji alikuwa amechora machweo: jua kubwa jekundu, nusu yake limeshaingia majini. Afisa wa kituo hiki, kijana aliyenyoosha suruali yake mpaka inakata, alitupanga mstari akatuamuru tungoje.

"Tungoje nini, ndugu afisa?" nikauliza.

"Jua, mzee. Lenyewe bado liko juu. Haliwezi kuwa juu huku wakati ukutani linazama. Ni lazima vifanane ndipo mshangae. Ni utaratibu."

Basi likazimwa. Dereva akatandika kitambaa chini ya kiti chake akalala. Nikamwelezea yule kijana habari za Tunu, na kizingiti, na Ngwali. Alisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Pole sana, mzee. Sisi wenyewe tuna mabibi harusi. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Bi Mize akanivuta kando. "Zungumza naye kwa ile lugha yako ya redioni. Hii ya kawaida haimuingii."

Nikavua kofia, nikaishika kifuani. Nikakohoa.

"Ndugu afisa. Ukuta huu umechorwa na nani?"

"Na serikali."

"Na ukutani jua liko wapi?"

"Linazama."

"Basi serikali imesema linazama. Na wewe, mbele ya mashahidi, unasema bado liko juu. Je, niwaambie abiria hawa kwamba ukuta umekosea?"

Kijana akatazama ukuta. Akatazama jua. Akatazama abiria, ambao kwa mara ya kwanza siku ile walikuwa wanashangaa bila kuhimizwa. Jasho likamtoka kwenye kola.

"Sikusema hivyo, mzee wangu."

"Kwa hiyo limezama?"

"Limezama," akasema polepole, akikinga macho yake kwa kiganja kwa sababu ya mwanga. "Nawatakia usiku mwema."

Bi Mize ndiye aliyemwamsha dereva, kwa kumgonga kidogo na ndoo.

*

Nilishuka mwanzo wa mtaa na kukimbia, kwa kadiri vile viatu vilivyoniruhusu. Nilikuta mikeka imekunjwa na kuwekwa mabegani. Wapiga matarumbeta walikuwa wameshaweka vyombo vyao kwenye mifuko. Hamdani alisimama peke yake katikati ya ua, suti yake imepauka vumbi. Nyuma ya mlango ulio nusu wazi niliuona ukingo wa gauni jeupe, haujongei.

Mzee Ngwali alinitazama kuanzia kwenye shada la plastiki mpaka miguuni.

"Huyo. Mheshimiwa wa redioni."

"Mkwe wangu," nikasema, nikihema, "nimekuja kumtoa mjukuu wangu. Jua bado lipo."

"Lipo. Lakini mimi nina swali moja, na nataka jibu mbele za watu." Akanyanyua fimbo yake. "Redio imesema ulifika asubuhi. Wewe mwenyewe umesema ulifika asubuhi. Kama ulifika, tangu asubuhi ulikuwa wapi hadi sisi tukae juani kama maharage? Na kama hukufika, sema hukufika. Ukinijibu la kwanza, naondoka na watu wangu. La pili," akamtupia jicho Mkuu wa Tarafa, "ni juu yako."

Mkuu wa Tarafa, Bwana Chande, mtu mnene mwenye kalamu mfukoni, aliweka glasi yake ya sharubati chini taratibu. Dada yangu Siwema alitikisa kichwa kuniambia nisiseme.

Katika maisha yangu sijawahi kuikanusha serikali. Iliposema bei ya sukari imeshuka, nilikunywa chai isiyo na sukari nikifurahia. Lakini ule ukingo wa gauni ulikuwa bado haujongei, na hakukuwa na mtu mwingine wa upande wa baba yake.

"Sikufika," nikasema. Safari hii sikukohoa. "Ndege haikuja. Tulitolewa mlango mmoja tukaingizwa mwingine, na ukutani wameandika Ukingoni. Redio imesema uongo, na mimi niliyesema redioni nimesema uongo. Nimetoka huko kwa basi, kutwa nzima, na sikuwadharau."

Mzee Ngwali alisimama na fimbo yake juu kwa muda. Kisha akaishusha.

"Umelisema hilo mbele ya huyu?"

"Nimelisema."

Akawageukia vijana wake. "Tandikeni mikeka."

Nikaenda mlangoni. Mkono wa Tunu ulikuwa baridi kama wa mtu aliyeosha vyombo. "Babu," akasema kwa sauti ya chini, "una majani ya plastiki kwenye masikio." Nikamvusha kizingiti, jua likiwa limegusa mapaa.

*

Bwana Chande alikula kwanza. Sina cha kumlaumu hapo, pilau ilikuwa nzuri. Alipomaliza kunawa alinijia, akanishika kiwiko kwa upole.

"Mzee Mpembenue, mimi nimekusikia kwa masikio yangu, na masikio haya ni ya serikali. Twende kituoni."

Nikainuka. Lakini Mzee Ngwali naye akainuka.

"Unampeleka wapi mkwe wangu?"

"Polisi."

"Siku ya shughuli yetu? Na kwa miguu, peke yake, kama mtu asiye na watu?" Akaonekana ameumizwa kweli. "Mheshimiwa, sisi hapa mkwe hatoki kwenye harusi bila kusindikizwa. Huko unakompeleka mpeleke, lakini tutamsindikiza."

Hapo hapakuwa na la kubishana. Kusindikiza mkwe hakujawahi kukatazwa katika hotuba yoyote. Basi matarumbeta yakatolewa mifukoni, wanawake wakajifunga khanga viunoni, Tunu na Hamdani wakatangulizwa, na mtaa mzima ukanipeleka polisi kwa vigelegele. Kila nyumba tuliyopita watu waliuliza kuna nini, wakajibiwa, "Mkwe anakwenda kushtakiwa kwamba ndege haikuja," na wakavaa viatu wakaungana nasi.

Kituo cha polisi cha Ukingoni ni chumba kimoja na dirisha. Koplo alitoa kichwa, akautazama umati, akamtazama Bwana Chande aliyekuwa amebanwa katikati ya wapiga matarumbeta.

"Kosa lake nini, mheshimiwa?"

"Kukanusha. Amesema ndege ya asubuhi haikuja."

Koplo akafikiri. "Ndege ya Ukingoni?"

"Ndiyo."

"Mke wangu alifika nayo Jumatano," akasema koplo. "Bado sijamwona."

Watu hawakucheka. Mzee Ngwali alivua kofia yake. Koplo akautazama tena ule umati, ulioendelea kujaa hadi barabarani, akasema kwamba kituo kimejaa, na akafunga dirisha. Bwana Chande alibaki na kalamu yake mkononi. Baadaye nilimwona akipiga makofi kwa kufuata matarumbeta, ili asionekane yuko peke yake.

Asubuhi yake Mzee Ngwali alinichukua twende kwa maharusi kunywa chai. Redio ilikuwa imewashwa. Habari ya kwanza ilieleza kwamba wananchi wa Ukingoni, kwa hiari yao na kwa shangwe kubwa, waliandamana jana hadi kituo cha polisi kuipongeza serikali kwa ndege kufika kwa wakati. Msafara huo, mtangazaji akaendelea, uliongozwa na mzee mmoja msomi aliyekuwa amewasili asubuhi hiyo kwa

Tunu alizima redio.

Mimi sijawahi kuzima taarifa ya habari kabla haijaisha, na kwangu mtoto angefanya hivyo ningemwonya. Lakini hapo hapakuwa kwangu. Palikuwa kwake, na mumewe alikuwa anammiminia maziwa. Nikasogeza kikombe changu.

"Niongeze sukari," nikamwambia. "Chai isiyo na sukari nimeinywa vya kutosha."